Kosa Lililokwisha Kusamehewa

Shule ya Kijito cha Mierezi, Wisconsin
8 Septemba 1994

Shangazi Saloma mpendwa,

Shikamoo. Bibi hajambo? Mguu wake umepona?

Mimi nimefundisha siku saba na nimeshashindwa. Sikutanii. Watoto ishirini na sita, madarasa manane, chumba kimoja, na mimi mwenyewe niliyemaliza la nane juzi tu, kwenye dawati la mbele yako huko Ohio, kabla hatujahamia huku. Nikisikiliza la kwanza wakisoma, la sita wanarushiana maganda ya matufaha. Nikiwageukia la sita, la kwanza wanaanza kulia, kwa sababu wanajua Kijerumani chetu cha nyumbani na kanisani tu, wanataka kwenda chooni, na hawajui kuomba kwa Kiingereza. Jana nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Walinyamaza muda wa kumeza mate, wakaendelea. Ervin Hostetler, yule wa miaka kumi na minne anayenizidi kimo, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, unaumwa?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikacheka nao, halafu nikaenda nyuma ya banda la kuni nikalia.

Baba watatu wanaosimamia shule wamenipa mpaka Krismasi. Perry Schlabach alinieleza mwenyewe, kofia mkononi. Nisipotulia watatafuta mwingine, na watampata. Lakini kazi hii naitaka, Shangazi. Juzi kitoto kimoja cha la kwanza kilisoma neno "paka" kikaniangalia kama kwamba nimekipa paka mzima. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Wewe umefundisha miaka ishirini na saba. Niambie kila kitu, hata vidogo.

Binti wa kaka yako,
Drusilla Yutzy


Bonde la Gingerich, Ohio
14 Septemba 1994

Drusilla mwanangu,

Marahaba. Bibi yako mguu unamuuma lakini mdomo mzima, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Nilicheka maganda ya matufaha mpaka nikamwagia chai barua yako. Sasa sikiliza. Acha kelele. Mwalimu wa kelele anawafundisha watoto kwamba kabla ya kelele hakuna haja ya kusikia. Sema chini, chini kabisa, mpaka wajipinde kukusikia. Kengele gonga mara moja tu. Asubuhi, kabla hawajaingia, kazi ya madarasa ya juu iwe tayari ubaoni, maana mikono mitupu ndiyo inayorusha maganda. Kila mtoto wa la saba na la nane mpe mmoja wa la kwanza amsomeshe na ampeleke chooni. Huyo Ervin mkabidhi jiko la kuni, umwambie huwezi kuliwasha bila yeye. Atakuwa mtu mwingine.

Na hili lishike kuliko yote. Swali usiliulize mara mbili. Uliza, kisha ngoja. Mtoto asipojibu, asimame mpaka ajibu. Ukiuliza tena umemwachia usukani.

Usitake wakupende. Watakupenda ukishaacha kutaka.

Shangazi yako,
Saloma


Kijito cha Mierezi
5 Oktoba 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na ubarikiwe mara mia! Nasema kwa sauti ya kumbembeleza ng'ombe na wananisikia mpaka benchi la nyuma. Ervin anafika wa kwanza kila siku, ananikaripia mimi nikiacha mlango wazi moto ukapoa. Wa la kwanza wanaomba ruhusa kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Jumanne Perry alikuja kukagua. Alikaa nyuma saa nzima, kofia magotini, na alipoondoka akasema, "Naam." Kwa Perry hayo ni mahubiri.

Ila nina mmoja, na ndiye binti wa Perry. Anaitwa Orpha, yuko la tatu, ana miaka minane. Mpole, anaandika vizuri kuliko wote. Lakini nikimuuliza swali, siku nyingine ananikodolea macho tu, kama mimi ni ukuta. Hafumbi macho, hajibu. Anatafunatafuna midomo kama ana kitu mdomoni, na hana kitu. Nangoja kama ulivyoniagiza. Halafu ghafla anasema, "Ukurasa wa ngapi, Mwalimu?" Ukurasa wa ngapi! Nimesimama mbele yake muda wote huo.

Wenzake hawamcheki. Ervin akikosea wanacheka mpaka machozi, lakini Orpha akinifanyia hivyo wote wanainamia vitabu. Naona wanangoja waone nitafanya nini. Nikishindwa na binti wa msimamizi wa shule, wote watanipanda kichwani upya.

Niambie la kufanya.

Drusilla


Ohio
10 Oktoba 1994

Drusilla,

Nimesoma habari za huyo mtoto mara mbili, nikaiweka barua, nikaenda kulisha kuku, nikarudi.

Hayo ni mapenzi yake mwenyewe yanayoshindana na yako. Mtoto mpole ndiye mgumu kuvunjika, kwa sababu kila mtu anaupenda upole wake. Anakupima. Usimchape. Mimi nilichapa zamani na sikupata faida, tuyaache hayo. Mbakishe baada ya masomo. Wengine waende nyumbani, yeye akae kwenye dawati mpaka ajibu swali alilokataa. Usimgombeze, usimwonee huruma. Sahihisha madaftari yako na umngoje. Akijua kwamba kila ukaidi unamgharimu safari ya kurudi na wenzake, ataacha.

Na usimpelekee baba yake mashtaka. Mwalimu anayekimbilia kwa wazazi ameshasema kwamba hawezi.

Saloma


Kijito cha Mierezi
22 Oktoba 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Imefanya kazi! Wiki hii nimembakisha Orpha mara tatu. Mara ya kwanza alilia, akaniambia hakulisikia swali. Nilitaka kumwachia, nikakukumbuka, nikainamia madaftari. Mwishowe alijibu, sahihi kabisa, saba mara nane. Unaona? Alikuwa analijua. Jana hakuzubaa hata mara moja, amekaa wima, ananifuata kwa macho kila ninapokwenda.

Kuna Nettie Hostetler, dada yake Ervin, wa la nne, kila mara anaomba abaki amngojee Orpha ili watembee pamoja. Nimemkatalia. Adhabu yenye rafiki mlangoni ni adhabu gani? Alinuna, akaondoka akigeuka nyuma.

Perry hajui lolote, wala sikumwambia. Jana nilirudi nyumbani nikiimba. Naanza kuwa mwalimu, Shangazi.

Drusilla wako


Ohio
3 Novemba 1994

Drusilla mwanangu, mwanangu,

Hukuniandikia. Kaka, baba yako, ndiye aliyeniandikia. Anasema ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini na sita, kwenye barabara kuu, lori la maziwa, na kwamba Orpha hakuumia kwa muda mrefu. Anasema huli.

Kula. Watoto ishirini na watano wanakutazama, na watajifunza kwako namna ya kubeba jambo hili kuliko watakavyojifunza hesabu. Mungu alitoa, Mungu ametwaa. Siku zake zilikuwa zimehesabiwa kabla hujamjua. Usijitwike ya Mungu.

Kaka anasema Perry na mkewe Wilma walikuja kwenu siku ileile na wakakusamehe. Hawa ndio watu wetu. Pokea.

Niandikie hata mstari mmoja.

Shangazi yako


Kijito cha Mierezi
20 Novemba 1994

Shangazi,

Nitakueleza yote mara moja.

Jumatano ile nilimbakisha. Alijibu saa tisa na nusu, nikamwambia, "Umeona, si vigumu," akavaa kofia yake akaenda peke yake. Dereva wa lori ni mtu wa nje ya kanisa letu, mzee, amekuwa akilia mbele ya kila mtu. Anasema mtoto alikuwa anavuka, akasimama katikati ya barabara akamgeukia. Alipiga honi, akapiga tena. Anasema alikuwa anamtazama tu, kwa macho makavu, anatafuna.

Jua halijazama bado, Perry na Wilma wakaja na pai. Pai, Shangazi, binti yao bado yuko kwa wanaomwosha kwa maziko. Wilma alinishika mkono akasema, "Tumekusamehe, hatuna neno na wewe." Jumapili iliyofuata nikapiga magoti mbele ya kanisa, nikaungama kwamba nilikuwa mkali kwa mtoto na nilimchelewesha. Wakanisamehe wote. Askofu akanipa mkono akaniinua. Jambo likafungwa, na unajua kama mimi kwamba jambo lililosamehewa kanisani halitajwi tena, na anayelitaja ndiye anayetenda dhambi.

Juma lililofuata Nettie alibaki kufuta ubao. Akaniambia bila kunitazama, "Sisi tulikuwa tunamshika mkono, Mwalimu." Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu anapotea. Anapotea kidogo halafu anarudi. Barabarani tulikuwa tunamshika mmoja huku mmoja huku." Nikamuuliza mbona hawakuniambia. Akasema, "Tulidhani unajua. Wewe ndiye mwalimu."

Hakuwa akishindana na mimi. Hakulisikia swali. Alinieleza mwenyewe, akilia, na mimi nikainamia madaftari.

Kwa hiyo nilichoungama sicho nilichokosa. Walichonisamehe sicho. Nimwambie nani sasa?

Drusilla


Ohio
26 Novemba 1994

Drusilla,

Usimwambie mtu.

Wilma amevuka usiku mmoja mmoja tangu Oktoba akijiambia ni mapenzi ya Mungu. Unataka uende umwambie kwamba Nettie wa miaka tisa angeweza kumwokoa mwanawe kwa kumshika mkono tu? Huo utakuwa mzigo wako ukiushusha mgongoni kwake. Na ukilifungua jambo lililofungwa, utakuwa umewaambia msamaha wao haukuwa kitu.

Fundisha. Fundisha vizuri kuliko mtu yeyote. Barua yako ya mwisho nimeichoma, na hii ichome.

S.


Kijito cha Mierezi
6 Aprili 1995

Shangazi,

Shikamoo. Sikukuandikia majira yote ya baridi kwa sababu nilikutii, na nilikuwa na hasira na wewe kwa kukutii.

Nimefundisha. Ungeniona ungejivunia. Simdai mtoto jibu bila kumtazama machoni kwanza. Nikiuliza na mtoto akanyamaza, naacha chaki, naenda hadi kwake, nainama, nauliza tena. Ndiyo, mara mbili. Mara tatu kama inabidi. Nimegundua wawili hawaoni ubao vizuri na mmoja sikio lake la kushoto halifanyi kazi, na wote watatu walikuwa wakiitwa wazembe. Baba wa shule wameniomba nirudi mwaka ujao, wote watatu kwa kauli moja. Perry ndiye aliyetoa neno. Nilimtazama akilitoa, nikatamani ardhi inimeze.

Leo ilikuwa siku ya watoto watakaoanza la kwanza Septemba. Wamekuja na mama zao kukaa nasi asubuhi. Wilma amemleta Emery, mdogo wake Orpha, miaka mitano na nusu. Kachangamfu, kanaongea mpaka unachoka. Nikampa kalamu achore farasi. Alichora miguu miwili, kisha kalamu ikasimama. Nikatazama. Alikuwa ananikodolea macho, na midomo inatafuna. Nikahesabu mpaka kumi na nne. Kisha akaendelea na mguu wa tatu.

Wilma alikuwa amekaa hapo hapo. Akamgusa bega akasema, "Emery, usiote ndoto." Akaniangalia akatabasamu kwa aibu. "Kama dada yake," akasema.

Njia ya kuja shule ni ileile.

Nakuuliza mara moja tu, na nitangoja. Miaka ishirini na saba, Shangazi, mamia ya watoto. Hukuwahi kumwona mtoto mwingine wa namna hii?

Drusilla


Ohio
11 Aprili 1995

Drusilla,

Nilimwona.

Mwaka wa 1971, hapa hapa. Aliitwa Alvin, alikuwa na miaka tisa. Aliduwaa na kutafuna midomo vilevile ulivyoniandikia. Nilimchapa majira yote ya baridi. Nilimchapa mikono mpaka mama yake alinitumia mafuta ya kumpaka, bila neno lingine. Masika wakampeleka kwa daktari mjini, na daktari akasema ni ugonjwa wa kichwa, aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Vidonge, na miezi miwili baadaye amepona. Sasa ana watoto sita.

Niliungama. Wakanisamehe, jambo likafungwa, na tangu siku hiyo hapana mtu aliyelitaja, wala mimi. Wazazi wake walikuwa wakinikaribisha chakula. Nilifundisha miaka mingine ishirini na moja na watu wakaniita mwalimu mwema, na nilikuwa mwema, kwa sababu sikuchapa tena. Jina la ugonjwa ule sikumwambia mwalimu yeyote. Ningelitajaje bila kumtaja Alvin? Ningemtajaje Alvin bila kufungua yaliyosamehewa?

Uliponiandikia Oktoba kuhusu midomo, nilimwona Alvin mbele yangu. Nilikwenda kulisha kuku, na huko kwenye kuku nikajiambia kwamba haiwezi kuwa hivyo, kwamba ni kiburi tu. Nilitaka kiwe kiburi. Nilirudi nikakuandikia umbakishe.

Umesikia? Nilijua. Uliniuliza, na mimi nilijua.

Novemba nilikwambia unyamaze kwa ajili ya Wilma. Nilisema uongo. Ilikuwa kwa ajili yangu.

Nenda kwao. Au waandikie, kama miguu haikubebi. Weka na barua hii yangu ndani, yote, usikate mstari. Watasema umelifukua lililozikwa, na watasema kweli. Nenda hata hivyo. Mimi leo namwandikia askofu wetu.

Usiniite shangazi mpaka utakapotaka mwenyewe.

Saloma Gingerich


Kijito cha Mierezi
15 Aprili 1995

Perry na Wilma,

Najua halitakiwi kutajwa. Nalitaja.

Orpha hakuwa mkaidi, hakuwa mvivu, hakuwa akiota ndoto. Alikuwa mgonjwa. Wenzake walijua anapotea kidogo na kurudi, ndiyo maana walikuwa wakimshika mkono barabarani. Nettie aliniomba abaki amngojee, zaidi ya mara moja, nami nikamkatalia kwa sababu nilitaka adhabu iume. Orpha mwenyewe aliniambia akilia kwamba hakusikia. Sikumwamini. Haya sikuyaungama kwa kuwa siku ile sikuyajua yote. Nilipoyajua nilinyamaza miezi mitano, na hiyo ni dhambi nyingine.

Emery anao ugonjwa huohuo. Nimemwona tarehe sita, na wewe Wilma ulimwona. Upo ugonjwa wa namna hii na ipo dawa yake. Tafadhali mpelekeni kwa daktari kabla ya Septemba. Kabla ya Jumatatu. Msimwache avuke barabara peke yake, wala asipande ghalani.

Barua ya shangazi yangu ni hii hapa. Isomeni yote.

Siombi kusamehewa. Naomba mumpeleke.

Drusilla Yutzy


Kijito cha Mierezi
2 Juni 1995

Drusilla,

Perry hakutaka nikuandikie, lakini hakunikataza.

Tulimpeleka Emery. Walimbandika nyaya kichwani, akacheka kwamba zinamtekenya, wakachora mistari kwenye karatasi ndefu. Ni kama ulivyosema. Anameza kidonge asubuhi na kingine baada ya chakula cha jioni. Hii ni wiki ya tatu sijamwona akipotea.

Daktari aliniuliza kama tuna mtoto mwingine mwenye dalili hizo. Nikasema tunaye. Akasema, basi mleteni na yeye. Hakuwa anajua. Perry alitoka nje, na mimi ndiye niliyemweleza.

Umeshasikia kwamba wamemtafuta mwalimu mwingine. Wamesema ni kwa kufungua jambo lililofungwa na kanisa. Perry alipiga kura pamoja nao. Niliketi jikoni nikisikia kila neno na sikunyanyuka kukutetea. Watoto wamelia, nadhani unajua. Ervin alikataa kuwasha jiko siku ya mwisho, akasema asiyemtaka Mwalimu na aote baridi, na ilikuwa Mei.

Sasa nikuambie la kwangu. Siku ile nilikushika mkono nikasema nimekusamehe. Sikuwa nadanganya. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, unasamehe kwanza, moyo utafuata nyuma. Lakini nilikuwa nakusamehe kwa kumchelewesha mtoto. Sikujua kwamba alikwambia akilia na hukumwamini. Sikujua kuna mtu Ohio aliyelijua jina la ugonjwa na akaenda kulisha kuku. Na mimi, mama yake, nilikuwa namwambia mezani, "Orpha, acha kuzubaa, kula." Hilo nalo sikulijua.

Kwa hiyo ule msamaha niliokupa umekwisha kazi yake. Inabidi nitoe mwingine, na huu ni mkubwa. Nimejaribu kila asubuhi tangu Aprili, kabla ya kukamua ng'ombe. Leo asubuhi pia nimejaribu, na sijaweza.

Umemwokoa Emery. Hilo nalijua pia, na halinisaidii bado.

Usije nyumbani. Nikiweza, nitakuja mwenyewe.

Wilma Schlabach